Sauti ya Mwanamke Nisiyemjua

Gauni lilinuka. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia niliwahi kuwa mwimbaji wa opera Guangzhou huwaza taa na maua. Lilikuwa la mahameli nyekundu, limeshonwa kwa mwanamke mwembamba kuliko mimi, na kabla yangu lilikuwa limepita kwenye miili ya wanawake ambao sikupata kuwajua. Kwapani kulikuwa na michoro ya chumvi, duara juu ya duara, kama ukuta uliokauka baada ya mafuriko. Mgongoni halikufunga, kwa hiyo walilibana kwa vibanio vya kuanikia nguo na kunikataza kugeuka. Jasho, sigara, mafuta ya kukaangia, vyote vilikuwamo. Mara ya kwanza nilipolivuta kupita kichwani niliziba pumzi, na nikiwa mle ndani nikajiuliza mtoto wa usharika kama mimi amefikaje humu.

Nilifika kama ninavyofika kila mahali, kwa kushindwa kukaa. Nilimaliza kidato cha nne Njombe, nikaondoka kabla matokeo hayajatoka. Nikiwa Tunduma niliililia Njombe. Nikiwa Lusaka nikaitamani Tunduma, mji ambao nilipokuwa ndani yake niliuona kama jalala. Dar es Salaam nilikaa miaka mingi kuliko kwingine na kila siku nilisema nitaondoka. Kisha mwanamke mmoja mwenye duka akanituma China kumchagulia nguo, nami nikamtumia nguo zake zote, nikabaki.

Kitu kimoja tu nilikibeba miji yote hiyo bila kukilipia mzigo: sauti ya kwanza. Nilijifunza kuimba kwenye kwaya ya usharika wetu, jioni za baridi, tumebanana kwenye mabenchi na masweta yaliyoloa ukungu. Mwalimu wa kwaya aliandika nota ubaoni kwa herufi, d, r, m, f, na mistari mitano ya Wazungu hatukuijua wala hatukuihitaji. Kabla ya kila wimbo mtu mmoja alitoa nota: do, mi, so, do ya juu. Kila sauti inachukua yake, kimya kimoja, halafu mkono wa mwalimu unashuka. Kwa miaka sita mtoa nota nilikuwa mimi. Kwetu kuanza kuimba kabla ya kuchukua nota ni sawa na kutia mkono kwenye bakuli bila kunawa.

Guangzhou nilipanga chumba mtaa wa Xiaobei pamoja na shoga yangu mmoja wa Singida, mnunuzi wa nguo za watoto na midoli ya soko la Yide Lu. Mizigo yetu aliisafirisha kaka mmoja wa Tanga aliyekuwa na meza yake kwenye jengo la biashara la Tianxiu. Yeye ndiye aliyeipima, akaipeleka bandari ya Huangpu, akaijazia karatasi. Pembeni alikuwa na biashara nyingine: kupeleka wageni kwenye sherehe za Wachina. Duka likifunguliwa, mwenye duka akitaka sura ya kigeni mbele ya mlango, kaka anayo. Siku moja nilikuwa nasubiri marobota yangu yapimwe, naimba chini chini, akainua kichwa.

"Dada, hiyo sauti unamtunzia nani?"

"Mungu."

"Mungu anazo za kutosha. Jumamosi njoo na viatu virefu."

Wiki nzima nilifanya mazoezi. Jumamosi nikavalishwa lile gauni nyuma ya mgahawa wa tambi, nikapakwa poda iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi isiyo yangu, mpaka nikafanana na andazi lililoanguka kwenye unga. Kaka akanipa kipaza sauti. Nilipokigonga, kimya.

"Hakina betri," nikamwambia.

"Ndiyo. Usije ukaimba, utaharibu. Wimbo uko kwenye simu. Wewe fungua mdomo, inua mkono, fumba macho pale juu."

"Sasa mimi umeniitia nini?"

"Dada yangu, usinikasirikie. Hapa wewe si mwimbaji. Wewe ni picha inayotembea."

Spika ikatoa sauti ya mwanamke akiimba kwa Kitaliano, nami nikafungua mdomo. Ilikuwa sauti nzuri sana. Hilo ndilo lililonichefua zaidi: ingekuwa mbaya ningejisikia mwizi wa kitu kibovu.

Nilijiambia ni mara moja. Ikawa miezi kumi na moja. Nilikuwa Mmarekani, nikawa Mbrazili, siku moja nikawa binti wa mfalme. Wimbo ulikuwa uleule. Nikirudi chumbani shoga yangu alikuwa akihesabu soksi za watoto, hainui hata macho.

"Mama Opera, leo umekufa mara ngapi jukwaani?"

"Niache."

"Nioneshe basi unavyokufa. Mimi nakata tiketi kabisa."

Alikuwa akinifanyia mzaha, nami nilicheka, lakini poda niliisugua mpaka shingo ikachubuka.

Katika miezi hiyohiyo nilikuwa na mwalimu. Aliishi ghorofa ya saba ya jengo letu lisilo na lifti, mwanamke wa miaka sabini na kitu, nywele zimepakwa rangi nyeusi ti, mwili unanukia mafuta ya dawa ya viungo. Alinisikia nikianika nguo juu ya paa, nikiimba wimbo wa kwaya, akasimama nyuma ya mashuka mpaka nikamaliza. Kichina changu kilikuwa cha sokoni: bei gani, punguza, hakuna. Chake hakikuwa na bei. Tukashindwa kuelewana kabisa. Ndipo akachukua kipande cha karatasi akaandika 1, 3, 5, na 1 yenye nukta juu. Nikakitazama. Chini yake nikaandika d, m, s, na d yenye kialama juu. Akaiimba ya kwake, nikaiimba ya kwangu, ikawa kitu kilekile. Kumbe Wachina nao wana nota kama zetu, ila wametumia namba pale sisi tulipotumia herufi.

Tangu hapo nilimwita laoshi, mwalimu. Hakutaka malipo. Nilimpandishia mchele na mitungi ya maji, naye akanifundisha mara tatu kwa wiki, mazungumzo yakipitia simu yake iliyotafsiri kwa sauti ya mashine. Alikuwa mkali mno. Maji baridi alinikataza. Alinibonyeza mbavu kwa vidole vigumu kama vijiti. Kohozi alilichukia kuliko dhambi. Ukikohoa alikutazama kama umemtemea kwenye chakula. Baada ya nusu mwaka sauti yangu ilikuwa imefunguka mahali ambapo sikujua kuna mlango.

Siku moja, wakati tunamenya balungi, alinisimulia maisha yake. Aliingia chuo cha muziki akiwa msichana, akaajiriwa na kundi la opera, akaimba wanawake wanaougua kifua kikuu na wanawake wanaojichoma kisu, wote kwa Kichina. Sauti yake ilisifiwa. Kisha televisheni ikaja na kundi likapata msichana mwenye sura. Waliniambia meno yangu yanaharibu picha, alisema, akafungua mdomo anioneshe: ya juu yalikuwa yamepandana. Kwa miaka saba aliimba nyuma ya pazia, na yule msichana akachezesha midomo mbele. Mara moja alikuwa saluni, kichwa kimejaa sabuni, redio ikapiga wimbo. Msusi akaacha kusugua. Akasema, sikiliza huyu, huyu ndiye mwimbaji, akamtaja yule wa sura.

"Ukafanyaje?" niliuliza simu.

Simu ikajibu kwa sauti yake ya bati: "Nilifumba macho ili sabuni isiingie."

Halafu akaongeza jambo, akanigeukia mimi badala ya simu. Simu ikalitafsiri hivi: "Mimi sifundishi mtu anayetembeza mdomo juu ya sauti ya mwingine. Mtu wa namna hiyo ananipa kinyaa kuliko panya."

Nilikuwa na kipande cha balungi mdomoni. Nilikimeza na ngozi yake. Hapo ndipo pa kusema, na sikusema. Nilijiambia nitaacha kwanza, halafu nitamweleza, likiwa jambo lililokwisha pita.

Wiki hiyo akaniletea habari. Mtu aliyekuwa mwanafunzi wake sasa aliongoza kwaya ya kundi dogo la opera, na alihitaji waimbaji wawili wa sauti ya kwanza. Angenisikiliza Jumamosi saa nne asubuhi. Laoshi mwenyewe angenipigia piano. Nikishika nafasi ile, ningesimama jukwaani na kuimba kwa koo langu, nikiwa miongoni mwa watu wanaoimba kwa makoo yao. Katika miaka yangu yote arobaini na mitatu sikuwahi kukitaka kitu bila kutaka pia kukikimbia. Hiki nilikitaka tu.

Alhamisi kaka akapiga simu. Nikamwambia nimeacha.

"Acha Ijumaa," akasema. "Leo laoban, mwenye duka, ameshaona picha yako. Ni duka la vyoo."

"La nini?"

"Vyoo, dada. Masinki, mabafu. Vya kifahari. Usinivunjie heshima kwa bosi."

Nikaenda. Naandika neno hilo na mdomo unaniingia uchungu. Nilienda kwa sababu nilizoea kwenda.

Duka lilikuwa nje ya mji, kubwa kama kanisa, na ndani vyoo vimepangwa kwa safu kama viti vya ibada, vingine vimepakwa dhahabu. Mlangoni paliwekwa meza na juu yake nguruwe mzima wa kuchoma, ngozi inang'aa mafuta, na kwenye matundu ya macho wamemchomekea vitaa vyekundu vinavyowaka na kuzima. Mimi nilisimamishwa kati ya nguruwe na choo cha dhahabu. Jua lilikuwa kali asubuhi ile. Mafuta ya nguruwe yalidondokea kitambaa cha meza, na gauni, kwa joto lile, likafufua jasho la wote waliolivaa kabla yangu. Nilihisi wananishikashika kwapani. Mbele yangu walikuwa wazee kwa vikongwe waliokuja kupokea mayai ya bure, kila mmoja ameshika mfuko wake.

Mshereheshaji akanitangaza. Sijui siku hiyo nilikuwa wa nchi gani. Wakapiga makofi, wakanyamaza, wakisubiri.

Kwa kawaida wimbo ulianza hapohapo. Lakini siku hiyo mitambo ilikuwa ya mwenye duka, na kaka alikuwa anahangaika na waya. Kimya kikaendelea. Nami kimya cha namna ile, watu wamesimama, macho yameelekezwa kwangu, mwili wangu unakijua tangu Njombe. Ni kimya cha kutoa nota. Bila kuwaza nikafungua mdomo nikatoa: do, mi, so, do.

Kipaza sauti kilikuwa hai. Hata kaka hakujua. Mwenye duka alikuwa ameleta vyake, vyenye betri. Nota nne zikatoka kwenye spika zote, zikapita juu ya vyoo, zikagonga ukuta wa nyuma na kurudi. Nilishtuka nikafunga mdomo. Mzee mmoja mwenye mfuko wa mayai akasema kwa nguvu, "Hao!" Kwa Kichina, vizuri!

Ndipo wimbo ukaanza. Sauti ya yule mwanamke aimbaye Kitaliano ikajaa duka lote, juu kuliko do yangu, na mimi nimesimama midomo imebanana kama mtu aliyekatazwa kutapika. Aliimba mstari mzima. Mimi kimya. Akaimba wa pili. Watu wakanitazama mimi, wakaitazama spika, wakanitazama mimi.

Nilidhani watanizomea. Ningeshukuru. Walicheka, tena kwa wema, kama unavyomcheka mtoto aliyeangusha kijiko. Simu zikainuliwa. Mwenye duka alicheka mpaka akashika kiuno, akatoa ishara wimbo uendelee, na mtu wa panga akaanza kumkata nguruwe. Walikuwa wanajua. Siku zote, kwenye maduka yote, walikuwa wanajua, na haikuwahusu. Mimi peke yangu ndiye niliyedhani kuna mtu ninamdanganya.

Laoban akanikabidhi kipande cha nguruwe kwenye sahani ya karatasi. Ngozi ikapasuka kati ya meno yangu, mafuta yakanijaa mdomo. Nilikwenda nyuma ya duka nikatapika kwenye ndoo ya mopu, nimeshikilia gauni la watu lisilowe.

Kaka akanifuata. "Dada, umeniua. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nachukua nota."

"Nota ya nini, na wimbo uko kwenye simu?"

Nikapeleka mkono mgongoni, nikaanza kufungua vibanio.

Ijumaa asubuhi nilipanda ghorofa saba bila mchele wala maji. Nilimweleza laoshi yote kupitia simu yake. Ilikuwa adhabu ya pekee kusikia aibu yako ikisomwa na mashine, bila kusitasita hata panapostahili. Kisha nikamwonesha video. Shoga yangu alikuwa ameshaipata, ilikuwa inazunguka kwenye makundi ya Watanzania hapa mjini. Laoshi akaitazama mara mbili. Mara ya pili akaisimamisha baada ya nota zangu.

"Ya tatu ilikuwa chini kidogo," simu ikasema.

Nilitaka kucheka, lakini uso wake ulinizuia. Alikuwa amevuta mikono yake mpaka kifuani, kama mtu ambaye kitu kichafu kimepita karibu yake. Kisha akauliza, "Yule anayeimba ni nani?"

"Sijui."

"Miezi kumi na moja?"

"Sikuwahi kuuliza."

Nilipotamka hivyo nilijisikia kuwa na ile harufu ya gauni, na safari hii ilikuwa yangu mwenyewe. Nilikuwa najua kila pumzi ya yule mwanamke. Nilijua pale anapovuta hewa kwa pua kabla ya kupanda, na pale ulimi wake unapochelewa kidogo kwenye herufi fulani, kwa maana nilikuwa nimevichezesha vyote kwa midomo yangu. Na haikuwahi kunipitia kichwani kwamba ana jina. Msusi wa saluni alikuwa na udhuru kuliko mimi. Yeye alidanganywa.

Laoshi akapiga simu mbele yangu. Aliongea kwa muda mfupi, nami niliyaelewa maneno mawili tu, Jumamosi na hakuna. Alipokata akaandika kwenye simu, mashine ikasoma: "Tafuta jina lake. Halafu njoo."

Nilishuka moja kwa moja mpaka Tianxiu. Kaka alikuwa anafunga robota kwa utepe.

"Ule wimbo anaimba nani?"

"Wimbo gani?"

"Wetu. Ule wa kwenye simu."

Akatafuta, akanionesha faili. Liliandikwa "mwanamke juu 3". Alipewa na mtu aliyepewa na mtu.

"Jina la nini, dada? Yule hadai, wala hakujui."

"Nataka tu kujua."

"Haya, ukimpata mwambie anapendwa sana na watu wa vyoo." Akacheka, kisha akaniangalia vizuri. "Kwa hiyo wiki ijayo huji?"

"Siji."

"Basi mwenzako amesema atalivaa yeye."

Mwenzangu ni yule shoga wa Singida. Sauti yake ni ya bawaba isiyotiwa mafuta. Kanisani wenyewe humwomba asikaze. Jumamosi, saa nne asubuhi, saa ambayo nilipaswa kuwa mbele ya piano, alikuwa chumbani kwetu amelivaa gauni, ananigeuzia mgongo.

"Nibane hapa. Harufu gani hii, Yesu wangu! Umelivumiliaje?"

"Niliziba pua."

"Pale juu kabisa nafungua mdomo vipi? Hivi?"

Nilimbana vibanio. Nikamwambia, "Uliza kwanza sauti ni ya nani."

"Ya nani? Ya spika," akasema, akachukua viatu vyangu virefu, akatoka. Nasikia alifanya vizuri kuliko mimi. Hana nota za kutoa.

Baada ya wiki nikapanda tena juu. Laoshi akafungua mlango kiasi cha uso.

"Nimeuliza. Hakuna anayejua."

"Umeuliza wangapi?"

"Mmoja."

"Uliza wengine," akasema mwenyewe bila simu, kwa Kichina chepesi cha kunisaidia, akafunga.

Nimeuliza wengine. Nimejaribu programu za simu zinazotambua nyimbo. Zinaufahamu wimbo, ila kila moja inataja mwimbaji mwingine, na nikiwasikiliza hao wanaotajwa hakuna anayevuta hewa kwa pua. Nimewauliza wauza santuri kuukuu, na mwenye duka la spika, na yule mtu aliyempa kaka faili, ambaye alidhani nimetumwa na polisi. Nafasi kwenye kwaya ya opera walishaijaza. Mimi, ambaye sijawahi kukaa mji mmoja baada ya kuona mlango umefungwa, safari hii sijaondoka. Kila mwisho wa mwezi napanda ghorofa saba na mchele na mtungi wa maji, naviweka mlangoni, namwambia laoshi niliowauliza mwezi huo. Anawahesabu kwa vidole. Anachukua mchele. Bado hajanikaribisha ndani.